Mhariri, msiwaambie watoto wachukue kadi ya dhahabu kwanza

Ndugu Mhariri,

Shikamoo, na kama mimi ndo nimekuzidi umri basi habari za kazi. Nakuandikia kutoka Uyole hapa Mbeya, baridi imeshaanza kukaza na vidole vinagoma kidogo lakini nimeona nisipoandika leo sitaandika tena. Ni kuhusu ile makala fupi mliyoitoa ukurasa wa vijana, ile ya gemu za kadi zenye viumbe na majoka, na kwanza niseme asante kwa kweli, maana nimesoma gazeti lenu miaka mingi na sikumbuki kuona mtu kaugusa huu mchezo, kila siku ni mpira na mikeka tu. Shida yangu ni sentensi moja. Mliwashauri wachezaji wapya kwamba wakifungua paketi waanze na kadi iliyo adimu kuliko zote. Mengine yote yalikuwa sawa, ila hiyo sentensi imetuvurugia Jumamosi nzima na ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Kilichotokea ni hivi. Tuna kikundi chetu, tukitimia watu 8 tunakaa kwenye kibanda cha fundi mmoja wa kuchomelea, anatupisha saa 9 mchana akishafunga kazi, meza yenyewe ni mlango wa mbao tumeulaza juu ya mapipa mawili ya mafuta. Jumamosi wakaja madogo wawili wa kidato cha pili, mmoja ana kipande cha gazeti lenu kakikunja vizuri kabisa mfukoni, akakitoa akakiweka mezani mbele yake kama mtu anayefanya mtihani wa kufungua kitabu. Kila paketi ikimfikia anatafuta alama ya dhahabu, ndiyo alama ya kadi adimu, akiiona anachukua, hasomi hata maandishi. Alicheza na watu watatu akafungwa na wote watatu, na mechi ya mwisho hakuweka hata kadi moja ya maana mezani, alikuwa ameshika kadi zake nzuri mkononi anaziangalia tu mpaka akafungwa. Aliondoka hajaaga. Mimi ni mtu mzima nina watoto, ile kuondoka bila kuaga iliniuma.

Sasa kwa msomaji ambaye hajui tunaongelea nini. Mchezo unaitwa Magic: The Gathering, aliubuni Mmarekani anaitwa Richard Garfield na ulitoka mwaka 1993, kampuni inaitwa Wizards of the Coast. Kila mchezaji anaanza na uhai 20 na kadi 7 mkononi, kuna kadi za landi yaani ardhi ambazo ndizo zinakupa nguvu inayoitwa mana, kila landi mana 1 kwa zamu, na hiyo mana ndiyo unalipia viumbe na kadi nyingine. Rangi ziko 5, nyeupe, bluu, nyeusi, nyekundu na kijani, kila moja na tabia yake. Ukimfikisha mwenzako uhai sifuri umemaliza.

Kuna namna nyingi za kucheza ila sisi tunacheza ile ya kuchagua na kupitisha, Kiingereza wanaiita draft na mtu akisikia anadhani ni ile drafti yetu ya vizibo vya soda, siyo, hii ni nyingine. Watu 8 mnakaa duara, kila mtu ana paketi 3 za kadi 15. Unafungua ya kwanza, unachukua kadi moja, zilizobaki unampa wa kushoto kwako, na wewe unapokea za wa kulia, unachukua moja tena, mnaendelea hivyo mpaka ziishe. Paketi ya pili mnapitisha kulia, ya tatu kushoto tena. Mwisho kila mtu ana kadi 45 na hapo anajenga deki, yaani fungu lake la kuchezea, ya kadi 40, kawaida landi 17 na kadi nyingine 23. Yaani hakuna aliyekuja na kadi za nyumbani, wote mmeanzia ziro, tajiri na maskini sawa.

Hapa Mbeya paketi mpya hatuna pa kununua. Kilichotuokoa ni kwamba ndugu yake mmoja wetu alirudi kutoka masomoni nje na maboksi ya kadi za zamani, nyingi zilikuwa za kawaida tu, tukakaa nazo tukachambua tukapata kadi 360, maana 8 mara 3 mara 15 ni 360, tukaziweka kwenye boksi la viatu. Kila Jumamosi tunazichanganya, tunagawa mafungu 24 ya kadi 15, tunacheza, jioni tunahesabu zote zinarudi boksini. Hakuna anayeondoka na kadi na hakuna anayeweka hela, hilo naliweka wazi kwa wazazi wanaosikia neno karata wanawaza kamari. Na zile zenye picha za mapepo tulizitoa wenyewe, si kwa sababu ni mbovu, ni kwa sababu jirani na kibanda kuna kanisa na tunataka kuendelea kukaa pale.

Twende kwenye hiyo alama ya dhahabu sasa. Kadi za Magic tangu mwaka 1998 zina kialama kidogo upande wa kulia chini ya picha, kikiwa cheusi kadi ni ya kawaida, cha fedha ni ya kati, cha dhahabu ni adimu, na mwaka 2008 wakaongeza cha rangi ya chungwa nyekundu kwa zile adimu zaidi. Lakini hiyo alama inakwambia kitu kimoja tu, kwamba kiwandani wamechapa chache au nyingi. Haikwambii kama itakusaidia. Mwaka 2005 kulitoka kadi moja inaitwa One with Nothing, ni adimu, unalipa mana 1 nyeusi halafu unatupa kadi zako zote ulizoshika mkononi, basi, hiyo ndiyo kazi yake yote. Ukifuata ushauri wa makala yenu hiyo unaichukua kwanza. Halafu uangalie upande wa pili, Lightning Bolt, unalipa mana 1 nyekundu unampiga kiumbe yeyote au mchezaji pointi 3 papo hapo, hata kwenye zamu ya mwenzako, kwenye toleo la kwanza kabisa la 1993 hiyo ilikuwa kadi ya kawaida. Ya kawaida jamani. Miaka 30 na zaidi imepita na bado mtu akiipata anatabasamu.

Kwenye karata zetu hizi za kawaida tuna neno garasa, kila mtu anajua, umelamba garasa umelamba hasara, umelamba dume umeula. Ila kwenye karata zetu garasa ni garasa siku zote na dume ni dume. Huku sivyo, na hapo ndipo watu wengi wanakwama. Kadi ile ile inaweza kuwa dume kwangu na garasa kwako kwenye meza moja siku moja.

Aliyenifundisha hili vizuri si mchezaji mzoefu, ni dada mmoja anauza mitumba Mwanjelwa. Alikuja kumfuata mdogo wake akakaa kuangalia, wiki iliyofuata akacheza, na siku yake ya pili tu alikuwa anatufunga. Nikamuuliza wewe umejulia wapi, akasema kaka mbona hii ni kufungua belo tu. Akaeleza, belo likifunguliwa alfajiri mmelizunguka watu wengi, una sekunde chache, mgeni anashika koti la lebo kubwa kwa sababu linang'aa, yeye anashika sweta zito la kawaida lisilo na lebo kwa sababu mwezi wa 6 Mbeya sweta halilali. Lakini sweta hilo hilo, akasema, ukinipangia nikauze Kyela nalirusha pembeni sitaki hata kulishika, kule joto, kule nataka magauni mepesi na fulana. Nguo ni ile ile mhariri. Kilichobadilika ni unaipeleka wapi.

Nilivyosikia hivyo nikaona huyu kasema kwa dakika moja kitu ambacho mimi nilitumia mwaka kukielewa. Kadi unaithamini kwa deki inakokwenda. Kama mpaka sasa umeshachukua viumbe wadogo wa haraka, basi kadi ya bei ndogo inakufaa kuliko jitu kubwa la mwisho, hata kama jitu lina dhahabu. Kama huna kijani hata moja na uko paketi ya 3, kadi nzuri kuliko zote ya kijani kwako wewe ni karatasi.

Narudi kwa yule dogo maana nilikaa naye kiti cha jirani na niliona kila kitu. Kadi yake ya kwanza ilikuwa joka la mana 7, dhahabu, picha nzuri kweli, mabawa yamejaa kadi nzima. Kwenye paketi ile ile kulikuwa na Pacifism, hiyo ni kadi nyeupe ya mana 2, alama nyeusi, unaibandika kwa kiumbe wa adui na hawezi tena kushambulia wala kuzuia, yaani amekuwa pambo. Aliipitisha bila kuisoma. Mpaka mwisho alikuwa na majitu matatu ya mana 7 na mawili ya mana 6.

Sasa tupige hesabu, hesabu ya darasani kabisa. Deki kadi 40, landi 17, kwa hiyo kila kadi 100 unazovuta kwa wastani 42 na nusu ni landi. Unaanza na 7, anayeanza mchezo havuti zamu ya kwanza, kwa hiyo akifika zamu ya 7 ameona kadi 13, na ukizidisha unapata landi 5 na nusu. Tano na nusu, siyo 7! Kadi ya mana 7 haitoki zamu ya 7, watu wengi sana wanadhani inatoka. Ili uwe na landi 7 kwa wastani unahitaji kuwa umeona kadi 16 au 17, hiyo ni zamu ya 10 au 11. Sasa huku upande wa pili mtu ameweka kiumbe wa 2/2, yaani anapiga 2 na anakufa akipigwa 2, zamu ya pili, wa 3/3 zamu ya tatu na mwingine wa 3/3 zamu ya nne, vitu vya kawaida kabisa alama nyeusi tupu. Zamu ya tatu anakupiga 2, ya nne anakupiga 5 jumla 7, ya tano anakupiga 8 jumla 15, ya sita anakupiga 8 jumla 23. Wewe ulikuwa na 20. Umekufa zamu ya sita na joka lako limebakiza zamu nne au tano kutoka. Ndicho kilichompata mtoto wa watu mara tatu mfululizo na hakuna mtu alimwonea.

Sisemi kadi kubwa usichukue, usinielewe vibaya. Deki inahitaji mbili tatu za kumalizia kazi. Ila zihesabu kama unavyohesabu magunia ya kupakia kwenye Fuso, juu ukirundika na chini hakuna kitu gari linalala. Mimi nikifika katikati ya paketi ya pili nasimama kidogo nahesabu nina viumbe wangapi wa mana 2, wakiwa chini ya watatu naanza kuwachukua hata kama kuna kadi yenye kelele zaidi pembeni yake.

Kuna mpangilio wa zamani ambao wachezaji wa huko nje walikuwa wanafundishana, kwamba chukua bomu kwanza yaani kadi inayoshinda peke yake, kisha kadi za kuua au kufunga viumbe vya adui, sisi hizo tunaziita fagio, kisha viumbe wanaokwepa kama wanaoruka, kisha viumbe wa kawaida wa kupigana, mwisho garasa. Siyo mbaya kwa mtu wa wiki ya kwanza, na ukiangalia hata humo adimu haijatajwa. Lakini mpangilio huo unakufanya uone kila kadi ina cheo chake cha kudumu, na ndiyo kasoro yake.

Ninachowafundisha sasa ni maswali manne, nayo si yangu, ni kitu kinachojulikana kwa wachezaji wengi. Kadi ikija mkononi jiulize itanisaidia nini mwanzo wa mchezo, itanisaidia nini tukiwa tumelingana nguvu kila mtu kakwama, itanisaidia nini nikiwa naongoza, na itanisaidia nini nikiwa nazidiwa. Jaribu na Llanowar Elves, kiumbe wa 1/1 wa mana 1 ya kijani anayekuzalishia mana nyingine. Zamu ya kwanza ni mzuri ajabu, unakuwa zamu moja mbele ya mwenzako. Zamu ya 10 ukimvuta unatamani kulia. Jaribu na Divination, unalipa mana 3, moja ya bluu na mbili za rangi yoyote, unavuta kadi 2, mkiwa mmelingana ni chakula kizuri, ila ukiwa unapigwa na viumbe watatu umetumia zamu nzima kusoma wakati nyumba inaungua. Giant Growth ya kijani, mana 1, inampa kiumbe wako 3/3 ya ziada kwa zamu moja, ukiwa unaongoza inamaliza mtu, ila kama huna kiumbe mezani ni karatasi umeshika, na adui akimwondoa kiumbe wako wakati umeshaicheza umepoteza kadi mbili kwa moja yake.

Halafu jaribu na Serra Angel. Malaika wa mana 5, 4/4, anaruka, na akishambulia hachoki, bado anabaki macho kuzuia. Mkiwa mmelingana anapita juu ya vichwa vya wote anapiga 4 kila zamu. Ukiongoza anafunga hesabu haraka. Ukizidiwa anasimama kama ukuta. Mwanzo tu ndiyo hayupo kwa sababu ya bei. Maswali matatu kati ya manne amejibu, na mwaka 1993 hakuwa hata adimu, alikuwa wa kati.

Hapa nataka kukaa kidogo maana ndiyo sehemu watu wazima pia wanakosea. Mtu akisoma kadi, kichwani anajiona anaongoza. Anaona joka lake linatua, adui hana kitu, watu wanapiga makofi. Hakuna anayesoma kadi akajiona ana uhai 4, landi 3, na mwenzake ana viumbe watano. Lakini mechi nyingi ninazopoteza mimi nazipotezea hapo, na hapo ndipo Pacifism au fagio lolote la bei rahisi linakuwa na thamani kuliko joka lolote. Kadi inayofanya kazi wakati mambo yamekuharibikia, hiyo ishike. Ukiwa unaongoza hata 2/2 ya mana 2 itakumalizia, huhitaji dhahabu kushinda mchezo ambao umeshaushinda.

Kitu kingine makala haikugusa kabisa ni jirani. Kadi haithaminiwi kwa maandishi yake tu, inathaminiwa na kiti ulichokaa. Wenye mashamba ya mpunga Usangu watanielewa haraka. Ukiwa chini ya mfereji unapata maji ambayo wa juu hakuyahitaji, kama wa juu wote wamelima mpunga usitegemee maji mengi, lima kitu kingine. Paketi ya kwanza wa kulia kwako ndiyo wako juu. Kadi ya tano au ya sita ikikufikia Lightning Bolt, jiulize hawa wanne watano walioiona mbele yangu kwa nini wameiacha, jibu ni kwamba hakuna mwenye nyekundu huko juu, basi maji ni yako, ingia nyekundu mapema. Ukiona kinyume chake, kila paketi inafika haina nyeupe ya maana, usibishane na mfereji. Na paketi ya pili mfereji unageuka, sasa wewe ndiye uko chini ya wale uliowapitishia, ukiwa umewapa nyeusi nzuri nyingi mwanzoni wameshaingia nyeusi na sasa watakukatia. Ya tatu unageuka tena.

Na paketi ya kadi 15 ikizunguka watu 8 inakurudia wewe mwenyewe ikiwa na kadi 7. Mchezaji mzuri anaikumbuka paketi yake ya kwanza, akiona kulikuwa na kadi tano za kijani nzuri na zote tano zimerudi, ameambiwa kitu kikubwa bila mtu kufungua mdomo. Mimi huwa naikariri ile ya kwanza tu, zote 3 kichwa changu hakibebi.

Kuna tabia ya kuchukua kadi ili mwingine asipate, sijui mtu anaogopa bomu litamrudia. Naiona sana kwa wageni na naikataa, mezani una wapinzani 7 na siku moja unacheza na watatu, kwa hiyo kadi uliyoificha kuna uwezekano mkubwa usingekutana nayo kabisa, na umepoteza nafasi yako moja. Paketi ya 3 mwishoni mwishoni sawa, kama hakuna chochote chako.

Wapo pia wanaofuata takwimu. Huko nje kuna watu wamekusanya matokeo ya michezo mingi ya kwenye kompyuta, mtandao unaitwa 17Lands, unakuonyesha kadi fulani ikivutwa mchezaji anashinda asilimia ngapi. Ni kazi nzuri na ninaiheshimu, kijana mmoja wa chuo hapa kwetu anaileta kwenye simu kila wakati. Lakini zile namba ni za toleo lao na meza zao, kadi zetu 360 ni boksi letu, hakuna namba yake popote. Kwa hiyo tuna kaunta buku. Kila mechi ikiisha aliyeshinda anaandika kadi 2 zilizombeba na aliyeshindwa anaandika kadi iliyobaki mkononi muda mrefu kuliko zote bila kutoka. Hiyo safu ya pili ndiyo imetufundisha zaidi. Ukiisoma ni majitu ya bei kubwa ukurasa baada ya ukurasa, dhahabu dhahabu dhahabu, kwa miandiko tofauti tofauti.

Ombi langu mhariri ni dogo. Mkirudi kuandika kuhusu huu mchezo, na naomba mrudi, irekebisheni ile sentensi, waambieni vijana wasome kadi mpaka mwisho kisha wajiulize itatoka zamu ya ngapi. Wakijua hilo moja mengine watayaokota mezani. Madogo wa huku wanawaamini sana, nimeona kwa macho yangu mtu kalikunja gazeti lenu mara nne akalitunza kuliko kitambulisho cha shule.

Yule dogo alirudi. Nilimfuata kwao katikati ya wiki nikaongea na mama yake, nikampelekea daftari, tukapiga zile hesabu za landi kwenye meza ya jikoni pamoja na mama anasikiliza, na Jumamosi hii alikuja bila kipande cha gazeti. Alikaa kulia kwangu. Paketi yake ya kwanza ilikuwa na jitu la mana 8 lenye dhahabu na fagio la mana 2 la alama nyeusi, akaziweka zote mbili mbele yake akaziangalia muda mrefu mpaka watu wakaanza kumhimiza, akanigeukia akauliza taratibu, mjomba, huyu wa 8 si zamu ya 12 au 13? Sikumjibu, sheria za meza hazituruhusu kuongea wakati wa kuchagua, na nadhani jibu alikuwa nalo. Akachukua fagio akanipitishia zilizobaki. Jitu likanifikia mimi nikalipitisha, wa kushoto kwangu akalipitisha, likaenda hivyo hivyo meza nzima, na kadi ya tisa likamrudia yeye mwenyewe likiwa kwenye zile 7 za mwisho. Akalichukua, maana hapo halikumgharimu kitu. Kwenye kujenga deki akaliweka pembeni, akatumia 22 nyingine na kiumbe mmoja wa 2/2.

Mdau wa karata,
Uyole, Mbeya